Kabla ya Kuweka Dole Gumba: Bei Halisi ya Mkopo kwa Kaya ya Mkulima

Katika kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, kama ilivyo katika vijiji vingi vya mkoa wa Simiyu, fedha ina msimu wake. Huanza kuingia mwezi Mei, vituo vya kununulia pamba vinapofunguliwa, na kwa kaya nyingi huwa imekwisha kabla ya mvua za Novemba. Mahitaji nayo yana msimu wake, lakini si huo. Pamba hupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Palizi huifikia kaya mwezi Januari, mwezi uleule ambao shule hufunguliwa na watoto huhitaji sare, viatu na madaftari. Kisha hufuata dawa ya wadudu, wakati ghala la mahindi au mtama limebakiza vumbi. Michembe iliyokaushwa baada ya mavuno ya viazi husaidia tumbo. Haimlipi kibarua wa palizi.

Ni ndani ya pengo hilo, kati ya Januari na Mei, ndipo mkopeshaji anapobisha hodi. Kukopa si aibu, na makala hii haimkatazi mtu kukopa. Mkulima wa pamba atakopa, muuza dagaa atakopa, na fundi baiskeli atakopa ili anunue vipuri. Linaloombwa hapa ni jambo moja tu: mkopo uulizwe bei kabla haujachukuliwa. Mtu anayekwenda gulioni kununua jembe huligeuzageuza, huligonga kwa kidole, kisha huuliza bei na kuipunguza. Mtu huyohuyo anapokwenda kukopa huuliza swali moja pekee: "Nitapata lini?"

Laki moja ya Januari

Tuchukue mfano. Kaya yenye ekari mbili za pamba inahitaji Sh. 100,000 za palizi mwanzoni mwa Januari. Mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni anatoa fedha hizo siku ileile, bila maswali mengi, kwa sharti la kurejeshewa Sh. 130,000 baada ya mwezi mmoja. Watu wameuita mkopo wa namna hii "kausha damu", na jina hilo halikutolewa kwa uonevu.

Mwanzoni mwa Februari kaya haina kitu, kwa kuwa pamba ndiyo kwanza inachanua. Mkopeshaji hakasiriki. Anakubali deni lisogezwe mwezi mmoja kwa masharti yaleyale, yaani asilimia 30 juu ya kile kinachodaiwa. Mwanzoni mwa Machi deni ni Sh. 169,000. Mwanzoni mwa Aprili ni Sh. 219,700. Kituo cha kununulia pamba kinapofunguliwa mwezi Mei, deni limefika Sh. 285,610.

Sasa tugeuze deni hilo liwe pamba. Kwa bei ya mfano ya Sh. 1,000 kwa kilo, ambayo tumeichagua ili hesabu iwe nyepesi, Sh. 285,610 ni karibu kilo 286 za pamba safi. Wakulima wengi wa ukanda huu huvuna kati ya kilo 200 na 300 kwa ekari. Kwa hiyo laki moja iliyochukuliwa Januari imemeza ekari moja nzima kati ya mbili: kulima, kupanda, kupalilia, kunyunyizia na kuchuma. Mkopeshaji amevuna ekari hiyo bila kushika jembe. Iwapo sehemu ya mavuno ni pamba fifi, ambayo bei yake ni ya chini, hata ekari hiyo haitoshi.

Mkopo huohuo una sura nyingine, ambayo ni ngumu zaidi kuitambua. Mkopaji husaini Sh. 100,000, lakini mkononi hupokea Sh. 90,000, kwa maelezo kwamba elfu kumi ni ya fomu. Kisha hulipa Sh. 5,000 kila siku kwa siku 26. Elfu tano kwa siku husikika kama jambo dogo. Jumla yake ni Sh. 130,000, yaani mkopaji amelipa Sh. 40,000 kwa kutumia Sh. 90,000 kwa muda usiotimia mwezi. Na hata hizo elfu tisini hakukaa nazo muda huo wote, kwa sababu alianza kuzirudisha siku ya pili.

Ndugu wa karibu wa mkopo huu ni ununuzi wa mazao yakiwa bado shambani. Mwenye fedha humkuta mkulima mwezi Februari, humpa fedha kidogo, kisha humwandikisha kwamba pamba yote ya kona fulani ya shamba ni yake. Wakulima wa kahawa mkoani Kagera wanaujua mtindo huu kwa jina la butura, nao umewaumiza kwa miaka mingi. Hakuna linalotamkwa kuhusu riba, lakini riba imo: ni tofauti kati ya fedha iliyotolewa Februari na thamani ya pamba siku ya mauzo. Mkulima aipige hesabu hiyo kabla ya kukubali, na mara nyingi hatakubali.

Riba moja, majibu mawili

Tanzania ina sheria mahsusi ya jambo hili, nayo ni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria hiyo imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni taasisi zinazopokea amana za wateja, kama benki za huduma ndogo za fedha. Daraja la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, wakiwemo wanaokopesha kwa njia ya simu. Daraja la tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii vya kuweka akiba na kukopeshana, kama VICOBA. Kufanya biashara ya kukopesha bila leseni au usajili ni kosa la jinai. Mkopeshaji wa daraja la pili anapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na mteja ana haki ya kuomba kuiona. Mkopeshaji anayeudhika kwa kuulizwa leseni amekwisha kujibu swali.

Benki Kuu imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, nacho ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata hivyo, kuijua asilimia pekee hakutoshi, na hapa tunaomba msomaji avumilie tarakimu chache, kwa kuwa wengi wenye leseni za halali huwapoteza wateja mahali hapa.

Mkopo wa Sh. 300,000 kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, unaweza kuhesabiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza huhesabu riba juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni Sh. 10,500, mwezi wa pili, baada ya kulipa Sh. 50,000 za deni, riba inashuka hadi Sh. 8,750, inaendelea kushuka hadi Sh. 1,750 mwezi wa sita. Jumla ya riba ni Sh. 36,750. Njia ya pili huhesabu riba juu ya Sh. 300,000 kila mwezi hadi mwisho, kana kwamba mkopaji hajarudisha hata senti. Riba inakuwa Sh. 10,500 mara sita, yaani Sh. 63,000. Asilimia ni ileile, karatasi inafanana, na tofauti ni Sh. 26,250. Kwa familia ya Sapiwi, hiyo ni sare za watoto.

Juu ya riba kuna ada ya fomu, bima ya mkopo, ada ya tathmini, na faini ya kuchelewa. Baadhi ya ada hizo ni halali, lakini zote ni sehemu ya bei. Kwa hiyo njia salama ni kuiacha asilimia kando na kuuliza kwa shilingi: nitapokea shilingi ngapi mkononi, na hadi siku ya mwisho nitakuwa nimerudisha shilingi ngapi kwa jumla? Majibu hayo mawili yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na tarehe za marejesho na kiasi cha faini. Ulizeni pia iwapo anayemaliza deni mapema anapunguziwa riba. Mkulima aliyeuza pamba mwezi Juni angependa kumaliza mara moja. Wapo wakopeshaji ambao kwao kumaliza mapema hakumpunguzii mteja chochote.

Fedha ya dagaa na fedha ya pamba

Mkopo ambao ni mzuri kwa jirani unaweza kuwa sumu kwako, hata kama bei yake ni ileile. Fikiria mama anayefuata dagaa Mwanza na kuwauza kwenye magulio ya Bariadi. Anakopa Sh. 200,000, na gharama zote za mwezi, riba na ada pamoja, ni Sh. 12,000. Kila mzunguko wa kununua na kuuza unamwachia Sh. 15,000 baada ya nauli, naye huzungusha mara tatu kwa mwezi. Anapata Sh. 45,000, anaondoa gharama ya mkopo, na nyumbani zinabaki Sh. 33,000. Marejesho ya kila wiki hayamsumbui, kwa kuwa kila wiki anashika fedha.

Mkulima wa pamba akichukua mkopo huohuo mwezi Januari, mzunguko wake ni mmoja tu, nao unafungwa Mei au Juni. Kila wiki ya marejesho kabla ya hapo inalipwa na kitu kingine: mbuzi, debe la mahindi yaliyohifadhiwa kwa chakula, na mwisho kabisa maksai wa kulimia. Maksai akiuzwa, msimu unaofuata kaya italima kwa jembe la mkono au itakodi plau, na ekari mbili zitakuwa moja. Umaskini wa namna hii hauonekani kwenye daftari la mkopeshaji. Kwenye daftari, mteja huyo amelipa vizuri.

Kwa hiyo mkulima aombe ratiba inayomruhusu kulipa sehemu kubwa ya deni baada ya mauzo. Mkopeshaji anayeijua kazi ya kilimo atazungumza naye. Asiyetaka kuzungumza huuza bidhaa isiyomfaa mkulima, na si lazima kila bidhaa inunuliwe. Mwenye shamba na biashara kwa pamoja, na hao ni wengi, aandike kwenye daftari mambo mawili mbalimbali, ili deni la genge lisije kulipwa na shamba bila mwenyewe kujua.

Milango ya kubisha kwanza

Mlango wa karibu kabisa ni kikundi. Kikundi cha hisa kinachokutana kila wiki chini ya mti, chenye sanduku la kufuli tatu na funguo zinazotunzwa na watu watatu tofauti, huwakopesha wanachama wake kwa riba ambayo hurudi kwao wenyewe wakati wa mgawanyo. Kikundi hicho kisajiliwe halmashauri, kama sheria inavyotaka, ili siku ya mgogoro kiwe na pa kusimamia. Tuna ushauri mmoja ambao haugharimu kitu. Vikundi vingi hugawana fedha kuelekea sikukuu za Desemba, na sikukuu huzimaliza. Kikundi cha wakulima wa pamba kinaweza kuamua kugawana wiki ya kwanza ya Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa na jembe la palizi likiwa mlangoni. Kaya iliyopokea mgawo wake wiki hiyo haina haja ya laki moja tuliyoizungumzia mwanzo.

Mlango wa pili ni halmashauri. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 kutokana na kasoro katika utoaji na urejeshaji wake, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ukikopa Sh. 300,000 hapo, utarudisha Sh. 300,000. Mwombaji huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye hueleza masharti ya kikundi, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Mlango huu una mapungufu yake na ni haki kuyasema: maombi huchukua muda, fedha hazitoshi wote, na mwanaume aliyevuka umri wa ujana, asiye na ulemavu, hana nafasi humo. Kwa sababu hiyo maombi yaanze wakati kaya ina chakula, kwa mfano Julai au Agosti. Anayeanza Januari amechelewa. Mkopo huu hauna riba, wala hauna "asante" ya ofisa yeyote. Anayeombwa fedha ili jina la kikundi lipite apige simu TAKUKURU kwa namba 113, ambayo ni ya bure.

Zipo pia SACCOS na vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS. Pembejeo zinazotolewa kwa mkopo kupitia ushirika hukatwa kwenye malipo ya pamba. Nazo ni mkopo, hata kama hakuna aliyezitaja kwa jina hilo. Mkulima adai karatasi inayoonyesha alipokea kilo ngapi za mbegu na chupa ngapi za dawa, kwa bei gani, ili siku ya makato asitegemee kumbukumbu ya karani. Na kwa kuwa deni la pamba hulipwa kwa kilo, mizani ni sehemu ya deni. Kabla ya kumwaga pamba yako, itazame mizani kama ina stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, na kama inasoma sifuri ikiwa tupu.

Siku ya kusaini

Mkataba usomwe kwa lugha unayoielewa, wote, kabla ya sahihi au dole gumba. Asiyejua kusoma aje na mtu wake, si mtu wa mkopeshaji. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu, kwa kuwa nafasi hiyo itajazwa wewe ukiwa umekwenda. Nakala ya mkataba ni haki yako, na kila rejesho lina stakabadhi.

Dhamana huvunja nyumba nyingi kuliko riba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Baba anayeiweka nyumba kimya kimya akitumaini kulipa kabla mama hajajua anamkosea mkewe, na anaandaa kesi. Kadi ya benki na namba yake ya siri si dhamana. Anayevikabidhi amekabidhi akaunti. Mdhamini naye aelezwe ukweli: anaposaini amekubali kulipa, hata kama aliitwa "kusindikiza" tu.

Kuhusu mikopo ya simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tabia ya nyingi za namna hiyo inajulikana: huomba kufungua orodha ya majina kwenye simu, na deni likichelewa humtumia ujumbe wa kumdhalilisha mkopaji kwa shangazi, kwa mwalimu wa mtoto, na kwa mtu aliyewahi kumuuzia kuku. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Programu inayotaka majina ya jamaa zako ili ikukopeshe Sh. 20,000 isipakuliwe.

Mambo yakiharibika

Aliyeshindwa kulipa asikimbie, wala asikope kwingine ili kuliziba deni la kwanza. Aende kwa mkopeshaji kabla ya tarehe kupita, aeleze, aombe ratiba mpya iliyoandikwa. Mkopeshaji hana mamlaka ya kuingia ndani na kubeba godoro, baiskeli au ng'ombe kwa nguvu bila kufuata taratibu za kisheria. Akija hivyo, aitwe mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi, na taarifa ipelekwe polisi. Deni linabaki kuwa deni, lakini namna ya kulidai ina sheria zake.

Malalamiko dhidi ya mtoa huduma mwenye leseni huanzia kwake mwenyewe, kwa maandishi, na mlalamikaji abaki na nakala. Asiporidhika na jibu, hupeleka malalamiko Benki Kuu ya Tanzania, yenye dawati la kushughulikia malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha na yenye tawi mjini Mwanza. Shauri la SACCOS hupelekwa kwa Ofisa Ushirika na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. La kikundi, halmashauri. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize ofisi ya kata kuhusu wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa msaada bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kila ofisi kati ya hizo itaanza kwa kuomba karatasi: mkataba, stakabadhi za marejesho, stakabadhi za mauzo ya pamba, na ujumbe wa simu ambao haujafutwa. Zihifadhiwe pamoja katika mfuko wa plastiki au kopo lenye mfuniko, juu ambako mchwa na maji ya mvua havifiki, na angalau watu wawili katika kaya wajue zilipo.